Testosteroni yangu ni 9.3: je, nianze sindano?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, nina miaka 46, nyumbani ni Mbeya na safari zangu ni kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi. Kwa zaidi ya mwaka mwili umechoka, hamu ya tendo la ndoa imeshuka, na uume ukisimama haukawii kulegea. Nina kilo 104, urefu sentimita 172. Presha ninayo na dawa natumia. Mgongo unanitesa, kila safari natumia tramadoli. Nilipima testosteroni nikitoka safari, nikaambiwa ni 9.3 na kwamba ni ya chini. Picha ya majibu naituma. Kijana anayefundisha mazoezi mtaani kwetu ananishauri nichome sindano ya homoni ya miligramu 250 kila baada ya wiki mbili, eti nitarudi ujanani. Mke wangu niliyemuoa mwaka juzi hajashika mimba bado, na mtoto tunamtaka sana. Nianze?

JIBU: Kaka, usichome hiyo sindano sasa hivi. Sababu nzito kuliko zote umeiandika mwenyewe mwishoni mwa barua: mnatafuta mtoto. Testosteroni ya kuchoma huzima utengenezaji wa mbegu za kiume. Wanaouza sindano hizi mitaani hawalisemi hilo, na wanaume wanafika kliniki wakiwa wameshachoma kwa miezi mingi, wanashangaa mbona mke hashiki mimba ilhali wao wanajisikia wana nguvu kuliko zamani.

Inakuwa hivi. Korodani zina kazi mbili, kutoa testosteroni na kutengeneza mbegu, na zote mbili zinafanyika kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo iitwayo pituitari. Tezi hiyo inaingiza kwenye damu homoni mbili, LH na FSH. LH inaziamsha korodani zitoe testosteroni, FSH inasukuma utengenezaji wa mbegu. Ubongo nao unapima muda wote testosteroni iliyopo kwenye damu. Ukiiingiza kutoka nje, ubongo unaona imetosha na unakata amri. LH na FSH zinashuka sana, korodani zenyewe zinaacha kutoa testosteroni. Mbegu zinahitaji testosteroni iliyomo ndani ya korodani, ambayo ni nyingi mno kuliko ile ya kwenye damu, na sindano ya takoni haiwezi kuifikisha huko kwa kiwango hicho. Basi mbegu zinapungua, mara nyingi hadi kwisha kabisa, na korodani zinasinyaa.

Shirika la Afya Duniani lililijaribu jambo hili kwa makusudi, likitafuta njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, wanaume wenye afya njema walichomwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki, na zaidi ya nusu yao walibaki bila mbegu hata moja ndani ya miezi sita. Dozi unayoshauriwa ni ndogo kuliko hiyo ukiigawa kwa wiki, lakini inaelekea kulekule. Mtu akiacha, kwa kawaida mbegu hurudi, ila ni kwa miezi, kwa wengine hadi miaka miwili, na wapo wachache ambao hazirudi vizuri. Wewe na mkeo hamna sababu ya kuupoteza muda huo.

Sasa tuje kwenye hiyo 9.3. Nimeikuza picha uliyotuma. Pembeni juu, mahali ambapo watu wengi hawasomi, kuna muda wa kuchukua damu: 14:40, yaani saa 8 na dakika 40 mchana. Umetoka safari, hujalala vya kutosha, na saa hiyo bila shaka ulishakula. Mambo yote matatu hushusha kipimo hiki. Testosteroni hupanda usiku mtu akiwa amelala, inafika kileleni asubuhi, kisha inashuka kadiri siku inavyokwenda. Chakula nacho huishusha kwa muda. Glukosi wanayonyweshwa watu kupimwa kisukari imeonekana kuipunguza kwa karibu robo. Hata kuumwa malaria au homa nyingine wiki ileile kunaweza kuiangusha.

Kipimo kinachoaminika kinachukuliwa kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, mtu hajala kitu, amelala usiku uliopita, haumwi. Kikitoka chini, kinarudiwa siku nyingine kwa masharti yaleyale. Bila vipimo viwili vya namna hiyo, daktari makini hakuandikii homoni.

Na hata hapo, namba yenyewe ina mahali pake. Miongozo ya Ulaya inasema testosteroni ikiwa chini ya nanomoli 8 kwa lita, upungufu una uzito. Ikizidi 12, ni nadra tatizo kuwa la homoni. Katikati ni eneo la mashaka. Madaktari wa njia ya mkojo wa Marekani wanatumia mpaka wa nanogramu 300 kwa desilita, ambao ni sawa na 10.4 kwa vipimo vyetu. Ya kwako kwa hesabu yao ni kama 268. Kwa hiyo uko kwenye eneo la mashaka, tena kwa kipimo kilichochukuliwa saa mbaya. Ongeza na uzito. Sehemu kubwa ya testosteroni husafiri kwenye damu ikiwa imeshikwa na protini, mojawapo inaitwa SHBG, na watu wenye kitambi na wenye kisukari huwa na SHBG kidogo. Jumla inasomeka chini, wakati ile iliyo huru, inayofanya kazi, inaweza kuwa ya kutosha. Ndiyo maana kwa mtu wa umbo lako naomba SHBG ipimwe pamoja, ili testosteroni huru ikokotolewe. Hadi hapa tulipo, kaka, hatuna ushahidi kwamba una upungufu.

Dalili je? Mwaka 2010 watafiti wa Ulaya walichapisha matokeo ya wanaume zaidi ya 3,000 wa miaka 40 hadi 79. Walitaka kujua ni malalamiko gani hasa yanaendana na testosteroni kuwa chini. Yaliyosimama imara ni matatu, na yote ni ya unyumba: uume kutosimama asubuhi wakati wa kuamka, mawazo ya mapenzi kupungua, na uume kushindwa kusimama. Uchovu, huzuni na kukosa nguvu za kazi vilifungamana na homoni kwa udhaifu sana. Walipochukua wale wenye dalili zote tatu pamoja na vipimo vya chini, walipata takriban wanaume 2 katika kila 100. Hivyo wanaume wengi wanaochoka wakiwa na miaka 46 wanachoshwa na kitu kingine.

Kuna jambo hukuniambia: asubuhi ukiamka, uume unakuwa umesimama? Kama siku nyingi unaamka hivyo, basi homoni na mishipa bado vinafanya kazi, na tuangalie mawazo, uchovu wa barabarani, na mambo yenu ndani ya nyumba. Kama kwa miezi hausimami kabisa asubuhi, hilo lina uzito na daktari wako alisikie.

Nikirudi kwenye barua yako, kuna mstari mmoja umeupita haraka, na ndio uliosimamisha macho yangu: kila safari natumia tramadoli. Dawa za jamii ya afyuni, tramadoli ikiwemo, hukandamiza ile amri ya ubongo. Ubongo hautumi ishara, pituitari haitoi LH, korodani zinalala. Mtu anayezitumia kwa miezi anaweza kupata kila ulichoandika: hamu kushuka, uume kulegea, uchovu, testosteroni ya chini. Dawa ikiondolewa, kwa wengi mfumo unaamka wenyewe. Najua tramadoli kwa madereva si ya mgongo tu, ipo inayomezwa ili mtu aendelee kukaa kwenye usukani. Sikulaumu. Nakuomba umwambie daktari ukweli wa vidonge vingapi kwa siku na tangu lini, kwa sababu bila hilo atapima, ataona LH ya chini, na atakuhangaisha na vipimo vya kichwa bure. Usiikate ghafla. Ukiwa umeizoea, kuiacha siku moja huleta jasho, kutetemeka, kuharisha, kukosa usingizi, na tramadoli ina hatari ya degedege pia. Inapunguzwa hatua kwa hatua, na mgongo unatafutiwa tiba yake: mazoezi ya fiziotherapia, kiti cha lori kurekebishwa, dawa za maumivu za aina nyingine zinazofaa kwa mwenye presha. Si kila dawa ya maumivu inafaa; diklofenaki na ndugu zake hupandisha presha na kuumiza figo. Kama umewahi pia kupewa prednisoloni kwa muda mrefu, taja. Nayo hushusha homoni hii.

La pili ni usingizi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana wenye afya kwa muda wa saa tano tu kila usiku, kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja, vijana. Wewe umefanya hivyo kwa miaka. Muulize mkeo kama unakoroma kwa nguvu kisha unanyamaza kama mtu aliyekata pumzi, halafu unashtuka na kuvuta hewa. Kwa uzito wako hilo linawezekana sana, na ni ugonjwa: kukatika pumzi usingizini. Unapandisha presha, unaua hamu, unakuchosha kutwa nzima, na kwa dereva unaleta kusinzia kwenye usukani. Testosteroni ya kuchoma inaweza kuuzidisha kama haujatibiwa. Kwa hili peke yake ningekusimamisha kuchoma, hata kama mtoto usingekuwa unamtafuta.

Uzito wenyewe ni sababu inayojitegemea. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, na mwili wenye mafuta mengi huipunguza amri ya ubongo. Habari njema ni kwamba njia hii ina marejeo. Mwanaume mnene akipungua uzito, testosteroni yake hupanda bila sindano, na kadiri anavyopungua ndivyo inavyopanda. Huhitaji kuwa mwembamba. Kilo 10 kwako ni hatua kubwa. Najua chakula cha njiani ni chipsi, ugali wa saa 5 usiku na soda za kukesha. Anza na soda.

Kuhusu uume kulegea, usikubali kuambiwa ni homoni kabla hujapimwa mishipa na sukari. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuziba, uume hulalamika mapema. Kwa wanaume wengi dalili hii hutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Una presha, una kitambi, una miaka 46. Pima sukari ya kufunga au ile ya miezi mitatu, pima mafuta kwenye damu, pima figo. Baadhi ya dawa za presha nazo hupunguza nguvu za kiume, hasa za kukojoza za kundi la thayazaidi. Usiziache mwenyewe, mwambie daktari, zipo za kubadilisha. Na moyo ukionekana salama, sildenafili kwa dozi ya daktari itakusaidia kusimama zaidi ya testosteroni, na haizimi mbegu. Kwa anayetumia dawa za nitrati za maumivu ya kifua ni marufuku kabisa, presha hushuka vibaya. Hapohapo niseme kuhusu zile chupa na unga wa nguvu za kiume unaouzwa stendi kama mitishamba. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekamata mara nyingi bidhaa za aina hiyo zikiwa zimechanganywa sildenafili kwa siri. Mtu anadhani anakunywa mzizi, kumbe anakunywa dozi asiyoijua juu ya dawa zake za presha.

Kuna vijana wanaoniandikia wakiamini kwamba punyeto ya shule ndiyo iliyowamalizia homoni. Haimalizi. Waache kujitesa kwa hilo.

Basi ni nani hasa anayestahili testosteroni? Yule ambaye korodani au pituitari yake imeharibika. Yupo aliyezaliwa na hali iitwayo Klinefelter, ana kromosomu ya X ya ziada; inampata mwanaume mmoja katika kila 600 hivi, na wengi hawajui hadi wanapokosa mtoto. Yupo aliyeugua matumbwitumbwi akiwa kijana yakashuka kwenye korodani zote mbili. Yupo ambaye korodani zilijinyonga na hakuwahishwa hospitali, au hazikushuka utotoni, au zilitolewa, au aliyepata dawa za saratani. Upande wa pituitari yupo mwenye uvimbe, aliyeumia kichwa kwenye ajali, au aliyezaliwa bila amri hiyo, ambaye mara nyingi hata harufu hasikii. Hao nikiwaona sisiti kuwapa. Homoni kwao inarudisha hamu, misuli, ndevu, damu, na inalinda mifupa isiyeyuke. Kumnyima mtu wa namna hiyo kwa sababu ya woga ni kumuonea. Na mzazi anayesoma hapa: mtoto wa kiume akifika miaka 14 na korodani hazijaanza kukua, mpeleke hospitali, asiambiwe asubiri tu.

Kuwatenganisha na watu kama wewe hakuhitaji mashine kubwa. Daktari atazishika korodani. Tuna uzi wenye shanga 12 za umbo la yai, kuanzia mililita 1 hadi 25, uliobuniwa na Andrea Prader wa Zurich. Unashika shanga mkono mmoja, korodani mkono wa pili, unalinganisha. Za mtu mzima kwa kawaida zinafika 15 na kuendelea. Za Klinefelter nyingi hazifiki 5, ndogo na ngumu. Uchunguzi huu ni wa dakika moja na wanaume wengi hawajawahi kufanyiwa. Usione aibu, mwombe daktari. Kisha damu: LH na FSH zikiwa juu na testosteroni chini, korodani zenyewe zimechoka. Zikiwa chini au za katikati, tatizo liko juu, kwenye amri, na hapo tunaongeza kipimo cha prolaktini, homoni ya maziwa, na kutazama dawa unazotumia. Mimi kwako natarajia picha hii ya pili.

Kwa mzee wa miaka 65 na zaidi ambaye testosteroni imeshuka kwa umri tu, hukumu yangu ni ya tahadhari. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwapa jeli wanaume 790 wa umri huo kwa mwaka mmoja. Hamu na tendo la ndoa viliongezeka kwa kiasi cha wastani. Uchovu haukuonyesha faida ya wazi, na kumbukumbu haikuboreka. Mzee ambaye shida yake ni hamu, vipimo viwili viko chini na hana kizuizi, tunaweza kujaribu kwa miezi sita. Asipoona tofauti tunaacha. Mzee anayetaka asichoke shambani simwandikii.

Kuhusu moyo, mwaka 2023 yalitoka majibu ya wanaume zaidi ya 5,200 wa miaka 45 hadi 80 wenye ugonjwa wa moyo au walio hatarini kuupata. Mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo havikuzidi: asilimia 7.0 kwa waliopata testosteroni, 7.3 kwa waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na homoni ndani. Lakini moyo kupiga bila mpangilio, damu kuganda kwenye mapafu na kuumia kwa figo vilikuwa vingi zaidi kwa waliopata homoni, na kuvunjika mifupa pia, jambo ambalo halikutarajiwa. Ndiyo maana dawa hii ina ufuatiliaji. Damu hupimwa kabla, baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha kila mwaka. Ujazo wa chembe nyekundu ukizidi asilimia 54 tunasimamisha, damu imekuwa nzito. Tezi dume inapimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho PSA. Kwa sisi wenye asili ya Afrika saratani ya tezi dume ni ya kawaida zaidi, na PSA ikizidi 3 nataka mtaalamu wa mkojo amuone mtu huyo kwanza. Mwenye saratani ya tezi dume au ya titi, na aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo miezi sita iliyopita, hapewi. Kijana wa mtaani hapimi hata kimoja kati ya hivi, na chupa yake hujui ilichojazwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Safari hii ukirudi, lala nyumbani usiku mbili au tatu, kisha nenda maabara asubuhi bila kula: testosteroni, SHBG, LH, FSH, prolaktini, sukari, mafuta, wingi wa damu, tezi ya shingo. Pima mbegu zako pia, baada ya kukaa siku mbili hadi saba bila kumwaga, na mkeo aonwe na daktari wa wanawake sambamba na wewe. Asibebe mzigo huu peke yake, na wewe usiubebe peke yako. Anza kupunguza tramadoli chini ya daktari. Rudia testosteroni baada ya miezi mitatu hadi sita ya usingizi, uzito na bila tramadoli. Ikibaki chini mara mbili na LH ikiwa chini, zipo dawa zinazoziamsha korodani badala ya kuzizima, kama klomifeni na homoni ya hCG, na hizo ndizo mtaalamu atakazozifikiria wakati mtoto bado anatafutwa. Testosteroni ya kuchoma au ya kupaka tutaizungumza mkishamaliza kuzaa, kama bado itahitajika.

Kama ulishachoma hata sindano moja kabla ya kusoma haya, mwambie daktari tarehe na jina la dawa, la sivyo vipimo vya LH vitampotosha. Na ukianza kuumwa kichwa kusikoisha, kuona pembeni kukapungua hadi vioo vya lori huvioni bila kugeuza shingo, au chuchu kutoa maziwa, usisubiri miezi mitatu: nenda hospitali ya rufaa wiki hiyohiyo, pituitari ipigwe picha.